Maadili ya Taifa Yavuke Maji

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, televisheni ya Serikali hutuletea sherehe za Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili hutukumbusha Muungano. Tarehe 14 Oktoba hutuonyesha kilele cha mbio za Mwenge na kumbukumbu ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia mwaka 1999. Desemba 9 huja Uhuru. Katikati ya siku hizo za kitaifa huingia siku za ibada: Maulid, Baraza la Idd, Pasaka na Krismasi. Mwananchi anayekitazama chombo hicho mwaka mzima hufundishwa mambo makubwa mawili, nayo ni kumcha Mungu, na kuipenda nchi iliyojengwa juu ya utu, usawa na kujitegemea.

Hatuna ugomvi na mafundisho hayo. Taifa lisilowakumbusha watoto wake lilikotoka litapotea, na watu wasio na hofu ya Mungu ni wagumu kuwatawala kwa sheria peke yake. Tunalo swali moja tu, ambalo tunaliuliza kwa heshima lakini bila kificho: mafundisho haya yanamfikaje, na yanamfaa nini, mwananchi wa Goziba, Ikuza, Kerebe, Mazinga na Bumbire wilayani Muleba, au wa Musira, kisiwa ambacho kila aliyeketi ufukweni Bukoba hukiona mbele yake?

Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Kwa kipimo hicho chombo cha umma nacho hakina budi kupimwa.

Tuanze na sheria mama. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya tatu, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, isiyo na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Maana yake ni nyepesi kueleweka. Dola haina dini, bali raia wake wanazo. Televisheni ya Serikali inapofungua mlango kwa shehe, padri au mchungaji, inampokea kama mgeni wa wananchi wote. Haimpi kiti cha Serikali, wala haiazimi sauti yake kwa ajili ya Serikali.

Ziko nchi zilizochagua njia nyingine. Nchini Iran, baada ya mapinduzi ya Februari 1979, redio na televisheni ziliwekwa chini ya shirika moja, na Katiba ya nchi hiyo ikampa Kiongozi Mkuu mamlaka ya kumteua mkuu wake. Huko dini na mapinduzi vimefumwa katika nguo moja, na televisheni ndiyo sindano. Sisi hatukushona nguo yetu hivyo. Mkoa wetu ni shahidi mzuri wa busara hiyo. Hapa Bukoba ndipo alipotoka Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa Kardinali, mwaka 1960. Ni hapa hapa alipotoka Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Waislamu wa mkoa huu nao wana misikiti ya siku nyingi na wana mchango wao katika biashara, elimu na siasa. Watu hawa wote wamezikana pamoja na kuoleana bila kungoja amri ya televisheni. Kazi ya chombo cha umma ni kuutunza udugu huo kwa kugawa zamu kwa haki.

Ama kuhusu maadili ya kimapinduzi, yatupasa kukumbuka kwamba yalifundishwa kwa redio kabla ya televisheni. Mwaka 1965 utangazaji uliwekwa chini ya Serikali na ukaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilisambaa vijijini kwa njia hiyo. Televisheni ilianza Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Bara tulikaa bila televisheni kwa makusudi, kwa kuwa viongozi wa wakati ule waliona ni anasa ya wachache wa mjini ilhali wengi hawana maji wala zahanati. Za watu binafsi zilianza mwaka 1994, na ya Taifa ikafuata kuelekea mwaka 2000. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, likaundwa mwaka 2007.

Katika historia hiyo yamo mambo mawili ambayo twaomba kila afisa wa utangazaji ayaweke moyoni.

La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikia kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hapo neno mapinduzi lilikuwa na mikono. Hapakuwa na haja ya kumwambia mtu mara kumi kwamba nchi inamjali, kwa sababu alikiona choo na mtoto wake akapona kuhara.

La pili ni vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likabomolewa. Redio ya Kampala ikatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Watu wetu waliokuwa wakikimbia na watoto mgongoni walihitaji kujua jambo moja, kama Taifa linajua yaliyowapata na kama litakuja. Tarehe 2 Novemba walimsikia Mwalimu akilijibu swali lao. Wazee wa mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, hawajaisahau sauti ile. Iliwashika kwa sababu ilikuwa na habari ya kweli ndani yake, na kwa sababu vitendo vilifuata.

Mambo hayo mawili yanatufundisha kanuni moja. Maadili ya Taifa huaminiwa pale yanapokuja pamoja na habari inayookoa maisha ya msikilizaji. Yakija peke yake hugeuka kuwa nyimbo za sherehe, nazo sherehe zikiisha watu hurudi nyumbani.

Sasa tumtazame mvuvi wa dagaa wa Goziba. Kazi yake huanza jua linapozama, hasa katika siku za giza, kwa kuwa taa yake haivuti samaki vizuri penye mbalamwezi. Na usiku ndio wakati ambapo ziwa letu ni hatari zaidi. Wataalamu wameeleza sababu. Jua likishazama nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hubaki na joto lake. Upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji ya vuguvugu, hupanda na kujenga mawingu mazito ya radi. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi, ndio upande wetu. Kwa hiyo mwenzetu huyo hutoka mwaloni wakati dhoruba nayo inajiandaa kutoka. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka. Hata kama hesabu hiyo ingepunguzwa nusu, bado ni msiba mkubwa kuliko ajali nyingi zinazotangazwa kwa siku saba mfululizo.

Mkoa huu unajua maana ya msiba wa majini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu wetu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Katika misiba ile televisheni ilionyesha majeneza, viongozi na sala za dini zote. Ilikuwa sawa kufanya hivyo, maana msiba huliunganisha Taifa. Lakini mitumbwi inayozama mmoja mmoja, na watu wawili au watatu ndani yake, haina majeneza ya kuonyesha. Hiyo ndiyo inayotumaliza.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Kazi ya kitaalamu, basi, ipo. Linalotakiwa ni kuufikisha kwa mhusika, kwa saa inayomfaa na kwa lugha anayoielewa. Utabiri unaosema tu kwamba Kanda ya Ziwa itakuwa na mvua na ngurumo haumwambii kitu mtu wa Kerebe, kwa sababu Kanda ya Ziwa ni mikoa kadhaa. Na utabiri unaosomwa saa mbili na nusu usiku, baada ya taarifa ya habari, unamkuta mvuvi tayari yuko majini, mbali na kioo chochote cha televisheni.

Maradhi nayo hayajui mipaka ya kisiwa. Ni katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Wakati ule, kwa kukosa maelezo, watu wetu waliupa ugonjwa jina la Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa na wachuuzi wa magendo. Penye pengo la habari, uvumi hujijengea nyumba. Miaka 40 baadaye, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, na watu sita walifariki kabla mlipuko huo haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Ripoti za Shirika la Afya Duniani zilieleza kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka safari ya kisiwani Goziba. Hatulisemi hili ili kukinyoshea kisiwa kidole. Tunalisema kwa sababu linathibitisha kwamba habari isipofika Goziba, Bukoba haiko salama, na Bukoba isipokuwa salama, Dar es Salaam haina sababu ya kulala usingizi.

Kuna siku moja ambapo televisheni ilimwonyesha mvuvi wetu kama anavyostahili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuuliza nani ni Mkristo na nani ni Mwislamu, nani ni wa chama gani, nani amelipa nauli ya daraja gani. Taifa zima likaona. Ikiwa mtu ataka kujua maadili ya dini na maadili ya mapinduzi yetu yanafanana vipi, basi aangalie picha za asubuhi ile. Ila si haki kwamba mwananchi wa majini aonekane siku ya ajali tu.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa Serikali, kuanzia Wizara inayosimamia habari, Shirika la Utangazaji, Mkuu wa Mkoa hadi wakurugenzi wa Bukoba na Muleba, mambo manne.

Mosi, utabiri wa ziwa usomwe kila siku alasiri, kabla mitumbwi haijatoka, redioni na kwenye televisheni, kwa kutaja maeneo kwa majina yake. Kisha uoanishwe na bendera au taa ya tahadhari katika kila mwalo, ili asiye na redio naye aone. Gharama yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya sherehe moja.

Pili, usikivu. Wabunge wa mipakani wamelia mara nyingi kwamba wapiga kura wao husikia redio za nchi jirani vizuri kuliko ya kwao. Visiwa vyetu navyo viko mpakani, ingawa mpaka wenyewe ni wa maji. Tangu mitambo ya zamani ya televisheni ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, anayetaka kutazama hana budi kuwa na king'amuzi. Kwa mtu wa kambi ya uvuvi, redio ndogo ya betri ingali ndiyo chombo chake cha kwanza. Maadili yasiyosikika ni sawa na hotuba iliyosomwa kwenye chumba kitupu.

Tatu, vikundi vya kusikiliza vifufuliwe. Wavuvi wa dagaa hupumzika katika siku za mbalamwezi, na kwa hiyo wiki hiyo ya kila mwezi itumike kwa vipindi maalumu vya afya, usalama majini, sheria za uvuvi na ushirika. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya kila mwalo viviongoze. Makanisa na misikiti ya visiwani iombwe kutoa viwanja vyake. Hapo dini na maendeleo vitashikana mikono bila moja kumtawala mwenzake.

Nne, haki ya kusema. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi. Usawa, utu na kujitegemea ni urithi wa Taifa zima, haviwezi kuwa mali ya chama kimoja wala kutumika kama kilemba cha kumfunika kiongozi asiyefanya kazi. Televisheni inayolipiwa na kodi ya wote impe mwananchi wa Ikuza nafasi ya kuuliza kwa nini zahanati haina dawa, na impe kiongozi nafasi ya kujibu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inamhakikishia kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Swali la mvuvi halivunji umoja. Kinachouvunja ni kulizima.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha ni kidogo, mitambo ni ghali, visiwa ni vingi na watu wake wanahamahama kufuata samaki. Yote hayo ni kweli. Lakini mwaka 1973 Taifa lilikuwa maskini kuliko leo, na halikushindwa kuwafikia watu milioni mbili kwa redio na vijitabu. Aidha, watu hao wanaohamahama ndio wanaolipa ushuru mwaloni na ndio wanaoleta sangara anayepelekwa nchi za nje kwa fedha za kigeni. Ushuru unaovuka maji kuja bara bila taabu usingoje daraja ili huduma nayo ivuke kwenda visiwani.

Kwenu wananchi wa visiwani nako tuna neno, maana haki huenda na wajibu. Utabiri ukisomwa ukasema pepo ni mbaya, msitoke, hata kama tajiri mwenye mtumbwi ananung'unika. Jaketi okozi livaliwe mwilini, lisifanywe mto wa kukalia. Ugonjwa usioeleweka ukitokea kambini, toeni habari siku hiyo hiyo kwa mtendaji na zahanati, msimsafirishe mgonjwa kimyakimya usiku. Nyavu haramu mnazijua, na mnajua zinamla nani kesho. Na mkiitwa kuzungumza mbele ya kamera, semeni ya kweli kwa adabu, bila kuongeza chumvi na bila woga. Serikali haiwezi kutibu donda ambalo mwenye nalo amelifunga kwa kitambaa kizuri.

Kwa viongozi wa dini tunasema: mimbari na madhabahu zinasikilizwa visiwani kuliko ofisi yoyote. Mnapopewa dakika 30 za televisheni ya umma, kumbukeni kwamba anayewasikiliza huenda si wa dini yenu. Mwambieni lile linalomjenga na kumlinda, na dharau kwa imani ya mwenziwe isiwe na nafasi humo.

Gazeti hili halitaki sherehe za Taifa zipunguzwe wala ibada ziondolewe hewani. Tunataka mtoto wa Bumbire akiona bendera ikipanda tarehe 9 Desemba, ajue kwamba nchi ile ile iliyoipandisha bendera hiyo ilimwambia baba yake saa kumi alasiri kwamba usiku kutakuwa na dhoruba, naye baba yake akabaki nyumbani. Mtoto huyo hatahitaji kuhubiriwa uzalendo. Atakuwa nao tayari.

Utabiri wa alasiri unaweza kuanza mwezi huu. Tunaomba uanze.